Tuache Kuita Kazi Mbovu "Jua Kali"

Wiki mbili zilizopita niliweka video ya dakika tatu hivi. Ndani yake kuna mzee wa miaka sabini na kitu, hapa Nyeri mjini, anakata propela ya Land Rover, anaipunguza urefu, halafu anaichomelea tena. Sikuweka muziki wala maneno makubwa. Nilitaka tu watu waone mikono ikifanya kazi.

Komenti ya kwanza: "Hiyo ni jua kali, haifiki Karatina." Ya pili: "Ndiyo maana uinjinia unasomewa miaka mitano." Ya tatu ilitoka kwa jamaa niliyekuwa nakaa naye benchi moja kabla sijaacha chuo: "Buda, rudi darasani."

Manze, hiyo ya tatu iliniuma. Lakini iliyonifanya nikae chini niandike ni ile ya kwanza. Huyo mtu hakusema kipimo gani kimekosewa, wala ni wapi pamechomelewa vibaya. Aliandika maneno mawili, jua kali, akaona amemaliza kesi. Na si yeye peke yake. Kiti kikivunjika tunasema ni jua kali. Waya ikiungua, "huyo alifanya jua kali." Sisi Wakenya tumeyageuza hayo maneno kuwa hukumu, na wengi wetu hatujui yalitoka wapi. Leo wacha tuyafuate, na tutayafuata kwa kutumia hiyo hiyo propela.

Kwa asiyejua: propela ni ile bomba ndefu ya chuma iliyo chini ya gari, inayotoa nguvu kwa gia boksi na kuipeleka kwa difu. Kila upande ina krosi, yaani kiungo kinachoiruhusu ipinde gari likipanda na kushuka. Katikati au upande mmoja kuna meno yanayoteleza, ili propela irefuke na kufupika kidogo ukipita kwenye shimo. Kwa gari nyingi, ukiwa gia ya nne propela inazunguka sawa na injini. Injini ikipiga mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kila sekunde, chini ya kiti chako.

Sasa kwa nini mtu akate kitu kama hicho? Hapa kwetu jibu moja ni Rhino Charge. Hayo mashindano yalianza 1989, mwaka mmoja baada ya Rhino Ark kuundwa, ili kuchanga pesa za kuzungushia msitu wa Aberdare ua wa umeme. Ua ulianzia upande huu wetu wa Salient, na ulipokamilika 2009 ulikuwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Mashindano yenyewe hayana barabara. Kuna vituo 13, muda ni saa 10, na anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Maana yake unapita juu ya mawe, ndani ya makorongo, mahali mbuzi anafikiria mara mbili. Gari refu linakwama, kwa hiyo watu wanakata chesisi, wanainua springi, wanabadilisha gia boksi. Ukigusa kimoja kati ya hivyo, propela haitoshei tena.

Land Rover ya kwenye video ilikuwa 109 ya zamani, chesisi imepunguzwa inchi tisa. Mimi kwa akili zangu za hesabu nikamwambia mzee, "Guka, basi tukate inchi tisa." Alicheka. Mwenye gari alikuwa pia amebadilisha gia boksi. Guka alishusha gari chini likalala kwa uzito wake wote, magurudumu manne kwenye sakafu, akapima kutoka flenji hadi flenji. Jibu lilikuwa inchi saba na robo.

"Kamwana," akaniambia, "usikate hesabu. Kata kipimo."

Wacha nieleze alivyofanya, maana kwenye video ilipita haraka. Kabla ya kufungua chochote alipiga alama kwa sentapanchi kwenye flenji zote, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Akachora mstari mmoja mnyoofu wa chaki kutoka ncha hadi ncha, halafu akaukwaruza kwa msumari ndiyo usifutike. Meno yanayoteleza akayaacha katikati, yawe na nafasi ya kuingia na kutoka, kwa sababu ukikata ndefu sana, gari likibonyea propela inasukuma gia boksi mpaka inaivunja. Ukikata fupi sana, inachomoka.

Alipokata, hakukata katikati ya bomba. Alienda kwa fundi wa mashine ya lethi, wakaondoa ile welding ya zamani ya upande mmoja, wakatoa yoki, wakapunguza bomba, wakairudisha yoki kwa kuibana. Unaona, yoki huwa na shingo inayoingia ndani ya bomba kwa nguvu, na hiyo shingo ndiyo inanyoosha kila kitu. Ukiunganisha bomba kwa bomba katikati bila kitu ndani, hapo kweli haifiki Karatina. Kisha akashika kwa nukta nne tu, zikitazamana mbili mbili. Wakaizungusha pole pole kwenye lethi, saa ya kupimia ikiwa imegusa bomba, wakagonga kidogo, wakazungusha tena. Ilipotulia ndipo akachomelea kuzunguka, kipande huku, kipande upande wa pili, ili joto lisiivute. Halafu akaiacha ipoe yenyewe. Hakumwaga maji. Mimi niliwahi kumwaga maji kwa chuma moto mbele yake mara moja, na sitarudia.

Na ule mstari wa chaki? Huo ndio siri yote. Krosi ikiwa imepinda haizungushi upande wa pili kwa mwendo sawa. Kwa kila mzunguko inaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inarekebisha makosa ya kwanza, lakini tu kama yoki mbili za bomba zimetazamana kwenye mstari mmoja, na pembe za juu na chini zinalingana. Zikipishana, badala ya kurekebisha zinaongeza.

Hii najua kwa sababu nililipia. Mwaka jana tulitengeneza pikapu ya mkulima wa viazi kutoka Kieni, gari lililoinuliwa ili liingie shambani wakati wa mvua. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kupaka grisi na kurudisha meno ndani. Sikuangalia alama. Niliyarudisha yakiwa yamepishana na mstari. Gari likatoka linatetemeka kidogo, mteja akadhani ni taya. Kabla ya Naro Moru krosi ya nyuma ikavunjika. Ndani alikuwa na watoto wake wawili. Bahati yetu ni kwamba ulianguka upande wa nyuma, ukaburutwa kwenye lami. Ungeanguka upande wa mbele, ungejichimbia barabarani na kuinua gari kama mtu anayeruka kwa mti.

Guka alilipa wa kuvuta gari, akalipa krosi, akanikata pesa yangu wiki nne. Hakunipigia kelele. Alinipa chaki na bomba bovu, nikachora mstari mara ishirini. Sasa niambie: hiyo ni kubahatisha? Kuna kipimo, kuna sheria, kuna adhabu ukikosea. Hiyo ni shule. Tofauti yake na ile niliyoiacha ni kwamba haina ukuta wala cheti.

Tuingie kwa historia yenyewe.

Krosi ni ya zamani kuliko gari. Ulaya wengi wanaiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16. Katika miaka ya 1670 na 1680 Mwingereza Robert Hooke aliifanyia kazi, na huyo ndiye aliyependekeza ziwekwe mbili ili moja irekebishe mwendo wa nyingine. Yaani mstari wa chaki wa Guka una zaidi ya miaka 300. Magari ya kwanza, mengi yalitumia mnyororo kama baiskeli. Mwaka 1898 Louis Renault akajenga gari dogo lenye shafti badala ya mnyororo. Halafu huko Marekani kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Clarence Spicer, akabuni krosi bora ya gari, akapata hataza 1903. Mwaka 1904 akaacha chuo, akaanza kuzitengeneza kwenye kona ya kiwanda cha mashine za kuchapisha, mjini Plainfield, New Jersey. Kampuni yake ndiyo ilikuja kuwa Dana, na mpaka leo kuna boksi za krosi zenye jina Spicer.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sisemi kila anayeacha chuo ni Spicer. Mimi niliacha kwa sababu karo iliisha, si kwa sababu nilikuwa na hataza mfukoni. Ninachosema ni kwamba hiki kifaa chenyewe, tunachoambiwa ni cha wenye digrii, kilikomaa kwenye kona ya karakana ya watu wengine.

Hapa Mlima Kenya nako, ufundi wa chuma haukuja na gari. Wakikuyu walikuwa na aturi, wahunzi, waliopata chuma kutoka mchanga wa mito, wakayeyusha, wakafua mikuki, panga na visu. Jomo Kenyatta alieleza kazi yao kwenye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Kazi ilirithiwa ndani ya familia, na mhunzi aliogopwa, kwa sababu laana yake ilikuwa nzito. Kwa hiyo kujifunza kwa kukaa kando ya fundi, ukishika kifaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kufua, si umaskini wa elimu. Ndiyo ilikuwa elimu.

Ikaja 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Wapiganaji wa msitu, huku Nyandarua na kule Mlima Kenya, hawakuwa na bunduki za kutosha, wakatengeneza zao. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Mahali pa kufyatulia walitumia komeo la mlango na mpira wa tairi. Nyingine zililipuka mikononi mwa wenyewe, na hiyo pia ni sehemu ya historia, tusiifiche. Waliokuwa wakiwawinda walizunguka kwa Land Rover, gari lililozinduliwa 1948. Ndiyo aina ile ile tunayokata leo karibu na msitu ule ule, kwa ajili ya mchezo. Huwa nikiwaza hivyo nikishika grainda naona ajabu.

Baada ya uhuru ndipo Guka anaingia. Mwaka 1966 alikuwa mtoto wa miaka 14 anayeshika spana kwa fundi Mhindi. Msomi Kenneth King, kwenye kitabu chake cha 1977, The African Artisan, alifuatilia jambo hilo hilo: ufundi mwingi wa Kenya ulipita kutoka karakana za Wahindi hadi kwa vijana Waafrika waliokuwa wasaidizi wao, bila darasa, bila karatasi. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za leseni za biashara na uhamiaji, Wahindi wengi wakaondoka nchini. Bosi wa Guka alikuwa mmoja wao. Guka anasema siku ya mwisho yule mzee alimwachia vaisi moja na rula ya chuma. Rula bado iko, namba zimefutika upande mmoja.

Mwaka 1972 ni muhimu, uweke akilini. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu ajira Kenya, na hiyo ndiyo iliyofanya dunia ianze kutumia jina "sekta isiyo rasmi". Ripoti ilisema wazi kwamba hawa mafundi wa kando ya barabara wanazalisha, na serikali iache kuwasumbua na kuwabomolea. Mwaka huo huo Nyeri, wananchi walichanga kwa harambee kuanzisha Kimathi Institute of Technology. Ikawa chuo kishiriki cha Jomo Kenyatta University 2007, na chuo kikuu kamili, Dedan Kimathi University of Technology, 2012. Guka alichanga zile shilingi. Anajivunia hicho chuo kama chake. Lakini katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia, mzee, njoo basi tuandike unachojua.

Jina "jua kali" lenyewe lilianza kama maelezo tu. Watu walikuwa wanafanya kazi nje, hawana paa, jua linawapiga. Basi. Halikuwa na maana ya kazi mbaya. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, Nairobi, akaona mafundi wanafua chuma juani, akaahidi vibanda. Kuanzia hapo jina likaingia serikalini. Mwaka 1992 kukawa na Waraka wa Bunge Namba 2, ambao jina la jua kali liko kwenye kichwa chake. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo. Ukiangalia, kila mara tulipewa paa. Paa ni nzuri, mimi pia sipendi mvua. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu kipimo.

Linganisha na Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, "hata kama ni baya vipi". Mwaka 1990 likaonyeshwa Kasarani. Wasomi walifanya kazi ya kweli, magari ya majaribio yalitembea. Pesa ya kiwanda haikupatikana, mradi ukafa. Wakati huo huo, kwa sababu pesa za kigeni zilidhibitiwa, vipuri vilikuwa adimu na ghali. Nani aliweka magari ya kabichi na viazi barabarani? Ni watu kama Guka, waliokata propela ya lori lililokufa wakaivisha lori linaloishi. Ufupishaji wa propela haukuanza na mchezo wa matajiri. Ulianza kwa sababu hakukuwa na nyingine. Soko lilipofunguliwa 1993 vipuri vya mitumba vikajaa, lakini mikono ilikuwa tayari imeshajua.

Sasa niseme na upande wetu pia, maana nisipowaambia ukweli mtaniita chawa wa mafundi. Kuna gereji zinachomelea propela katikati ya barabara, kwa macho, bila lethi, bila kupima. Kuna vijana wanachomelea bila miwani maalum, na wakifika miaka arobaini macho yamekwisha. Hapa kwetu hatuna mashine ya kubalansi, na propela ya gari la kasi ni lazima ipelekwe Nairobi. Guka huwaambia wateja hivyo wazi, fundi mwingine hasemi. Mteja hana njia ya kujua nani ni nani, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Huyo aliyekomenti "haifiki Karatina" labda aliwahi kukutana na huyo mwingine. Naelewa. Lakini tunapowaita wote jua kali, tunamlinda yule mbovu. Anajificha nyuma ya jina, na yule mwema anabeba aibu yake.

Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi wa watu ambao hawakupita darasani, upewe cheti kwa unachojua. Na mitihani ya ufundi ya gredi iko siku nyingi. Nilimwambia Guka habari hiyo. Akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza, "Na atakayenitahini, amewahi kukata ngapi?" Nilicheka, lakini swali ni zuri. Cheti kitakuwa na maana kama kipimo kitatoka kwa mafundi wenyewe: flenji hadi flenji gari likiwa chini, mstari kabla ya kukata, shingo ndani ya bomba, nukta nne kabla ya kuzunguka. Hiyo ndiyo silabasi. Iko tayari, iko kichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo mimi nimenunua kitabu cha mistari. Kila Jumamosi naandika kitu kimoja ambacho Guka amefanya na sababu yake. Nawe kama una fundi wako, awe Nanyuki, Chaka, Othaya au popote, muulize kipimo kimoja ukiandike. Na mwezi ujao naenda kufanya mtihani wa Gredi ya Tatu. Baba yangu aliposikia hakusema kitu kwa muda, halafu akauliza mtihani ni pesa ngapi. Kwa baba yangu, hiyo ni baraka.

Na wewe uliyekomenti: ile Land Rover tuliipeleka majaribio Jumanne. Tulienda mpaka Karatina, tukanywa chai, tukarudi. Tulipofika Guka aliingia chini akagusa krosi zote mbili kwa mkono, maana krosi yenye shida huwaka moto. Akatoka akasema zimepoa, mpigie mwenye gari.